Nembo za safari za anga: nani kazichora, na alikusudia nini?

Ukiletewa kwenye simu ile picha ya nembo ya NASA yenye maelezo kwamba umbo lake jekundu ni ulimi wa nyoka, usiisambaze kabla hujamtafuta mchoraji. Nembo hizi si michoro ya pangoni. Zina umri mfupi, na wengi wa waliozibuni wanajulikana kwa majina.

Hiyo ya duara la buluu ilibuniwa mwaka 1959 na James Modarelli, mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha NASA mjini Cleveland. Duara ni sayari, nyota ni anga, mstari mweupe ni njia ya chombo, na lile umbo jekundu ni bawa. Bawa linatoka wapi kwenye shirika la roketi? NASA ilipoanza mwaka 1958 ilirithi taasisi ya utafiti wa ndege, na umbo hilo lilitokana na modeli ya bawa la ndege inayopita kasi ya sauti. Anayedai ni ulimi ana macho yake tu.

Madai mengine ni magumu zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Nembo ya mradi wa Apollo, wa safari za mwezini, ina herufi A, na mstari wake wa katikati umeundwa na nyota tatu za ukanda wa Orioni. Wamisri wa kale walilihusisha kundi hilo na mungu wao Osiris. Sawa, lakini hiyo ni habari ya Wamisri. Anayetaka tuamini kwamba wachoraji walimkusudia Osiris atuletee ushahidi unaowahusu wachoraji. Vivyo hivyo kwa wanaoona alama za chama cha Freemason kwenye nembo ya Apollo 11: mwanaanga wa safari hiyo, Buzz Aldrin, alikuwa Freemason, jambo linalojulikana wazi, ila aliyebuni nembo ni mwenzake Michael Collins.

Collins alieleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Alimnakili tai kutoka kwenye kitabu cha ndege, akamchora anatua mwezini na tawi la mzeituni mdomoni. Wakubwa wakaona zile kucha zilizokunjuliwa zinatisha, tawi likahamishiwa kuchani. Majina ya wanaanga yaliachwa makusudi, ili nembo iwe ya wote walioifanikisha safari. Hata kosa limo: kivuli cha Dunia kimewekwa upande usio wake. Mpenda mafumbo angeweza kukesha na kivuli hicho.

Mafumbo ya kweli yapo pia, hasa kwa wapelelezi. Desemba 2013 Marekani ilirusha setilaiti ya siri, NROL-39, yenye nembo ya pweza aliyeikumbatia dunia na maneno ya kujigamba kwamba hakuna wasichokifikia. Nyaraka zilizotolewa baadaye zilionyesha pweza huyo alianzia kwenye utani wa mafundi: fungu la nyaya waliloliita pweza liliwasumbua wakati wa majaribio. Kwa maoni yangu ulikuwa utani mbaya, mwaka uleule Edward Snowden alipofichua udukuzi wa serikali yake. Watu walikuwa na haki ya kushtuka.

Mfano wa kuigwa katika kusoma nembo ni wa setilaiti nyingine ya siri, NROL-11, mwaka 2000. Nembo yake ilikuwa na mishale minne, mmoja wa rangi nyeusi. Watu wanaofuatilia setilaiti kama burudani waliisoma kama ramani ya njia za setilaiti za aina moja, wakakisia chombo kipya ni cha aina gani. Kisio hilo lingeweza kupimwa: chombo kikishapanda, unakitafuta angani usiku, na kama hakipo pale ulipotabiri, umekosea.

Basi aliyekutumia picha ya nyoka muulize mambo mawili. Nani alichora, na mwaka gani? Na ni kitu gani, kikionekana, kitamfanya akubali kwamba lile ni bawa? Akikosa jibu la swali la pili, huna haja ya kuendelea kubishana naye.