Lugabire ya Kupandia Mlima: Chagua Tairi, Kata kwa Kipimo cha Mguu Wako

Mvua ikikolea Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuanzia mwezi wa nne, udongo mwekundu wa vilimani huteleza kama sabuni. Kandambili za plastiki hukatika kamba topeni, na viatu vya ngozi vya mtumba huachia nyuzi kabla msimu haujaisha. Ndiyo maana lugabire, viatu vya tairi ambavyo Mkenya huviita akala na Mtanzania katambuga, bado vina wateja katika eneo hili la West Nile. Anayelima kwenye miteremko ya Mlima Wati huko Terego, au anayekata kuni chini ya Mlima Liru upande wa Koboko, anahitaji kitu kinachoshika ardhi, kinachooshwa kwa ndoo moja ya maji na kisichoogopa mwiba.

Lakini lugabire iliyokatwa ovyo ni adha. Huchubua kisigino, hugeuka pembeni ukiteremka, na msumari wake hukukumbusha fundi kila hatua. Mara nyingi kosa si la tairi wala la kisu. Fundi anazo kadibodi zake tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Anakutazama mguu kwa jicho, anachagua mojawapo, anakata. Ukitaka kiatu cha kupandia mlima, usikubali kukatiwa kwa kadibodi ya mtu mwingine.

Anza na tairi lenyewe. Barabara ya kutoka Vurra, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, ina urefu wa kilomita 92 na hupitisha malori yanayokwenda Kaya na Yei, Sudan Kusini, kwa hiyo matairi yaliyochoka si haba. Ila si kila tairi hukatika. Malori mengi ya siku hizi huvaa matairi yenye waya wa chuma mwilini mwote. Kisu hakiyapiti, na hata ukiyapasua kwa msumeno, ncha za waya zitajitokeza siku moja na kukuchoma. Tafuta tairi la nyuzi za nailoni. Soma ubavuni: kipimo chenye herufi R katikati, kama 295/80R22.5, ni cha tairi ambalo karibu kila mara lina chuma chini ya meno. Kipimo chenye kistari, kama 9.00-20, kwa kawaida ni cha tairi la nyuzi. Maandishi yakiwa yamefutika, chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa uipitishe juu ya meno. Ikivutwa, kuna waya, liache. Fundi mwaminifu hataudhika ukimwuliza, "Fundi, tairi hili lina waya?" Atakupa sumaku ujipimie.

Tairi la gari dogo nalo lina waya chini ya meno, lakini mbavu zake kwa kawaida ni za nyuzi tupu, na mbavu hizo hutoa mikanda mizuri. Tairi la pikipiki ya bodaboda ni la nyuzi pia, ila ni jembamba mno kwa unyayo wa mtu mzima. Litatosha mtoto, au litatoa mikanda. Ukingo wa ndani wa tairi lolote, ule unaokaa kwenye rimu, una waya mnene. Huo hukatwa na kutupwa bila mjadala.

Angalia pia mkunjo. Lugabire hukatwa kwa kufuata mzunguko wa tairi, na upande wa ndani ndio unaokanyagwa. Gurudumu kubwa lina mkunjo mdogo, kwa hiyo unyayo unatulia. Gurudumu dogo huinua vidole na kisigino kama mtumbwi, na anayevaa kiatu cha namna hiyo hupepesuka kwenye mawe. Kuhusu meno, wengi hudhani marefu ndiyo bora. Kwenye tope jepesi ni kweli. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi mifereji hujaa ndani ya dakika chache, na unabaki umevaa matofali. Mimi ningechagua meno ya wastani yenye mifereji mipana inayokatiza unyayo kwa upana wake, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozuia kuteleza mbele na nyuma. Mifereji inayokwenda kwa urefu peke yake haikusaidii kitu kilimani. Kipara safi kinatembea vizuri kwenye mwamba mkavu, lakini mvua ikinyesha utajuta.

Sasa kipimo. Mguu wa asubuhi si mguu wa jioni, na mguu wa mtu aliyeketi si mguu wa mtu aliyesimama. Ukikaa kwenye benchi la fundi na kunyoosha mguu, unampa kipimo cha mguu usiofanya kazi. Nenda alasiri, baada ya kutembea. Simama wima juu ya karatasi ngumu, na kama kazi yako ni kubeba, basi beba: dumu la lita 20 la maji kichwani, au kapu la mihogo, chochote unachopanda nacho mlima. Unyayo utatanuka mbele na uvungu wake utashuka. Fundi achore hapo hapo, penseli ikiwa imesimama wima bila kulala chini ya mguu. Achore miguu yote miwili, kwa sababu kwa watu wengi mmoja humzidi mwenzake.

Nje ya mstari huo iongezwe nafasi. Pembeni, upana wa penseli unatosha. Ukizidisha, ukingo utakuwa unagonga mawe na kukupindua kifundo. Nyuma vilevile. Mbele ya vidole iachwe sentimita moja hadi moja na nusu, maana wakati wa kuteremka mguu husukumwa mbele na kidole gumba ndicho kinachopokea jiwe. Wakataji wengi hufanya kinyume: huacha kisigino kirefu kinachoburuza na kubana mbele. Kumbuka pia kwamba tairi hukatwa kubwa kwanza, kisha hupunguzwa kidogo kidogo mguu ukiwa juu yake. Kilichokatwa hakirudi.

Mpira hukatika vyema ukiwa umelowa. Fundi mzuri huchovya kisu kwenye maji ya sabuni kila baada ya mikato michache. Utakiona kinateleza ndani ya mpira badala ya kukwama. Kisu kielekezwe mbali na tumbo na paja. Tairi likiwa nene, halina haja ya kuvaliwa lote. Ngozi za nyuzi zinaweza kuchunwa moja moja: ukingo unapasuliwa kidogo, plaizi inashika, na tabaka linavutwa taratibu huku kisu kikilainisha njia. Kiatu kinakuwa chepesi na kinakunja kwenye vidole. Asikuambie mtu kwamba uzito ndio uimara.

Mikanda ndiyo inayofanya lugabire ya mlimani itofautiane na ya sokoni. Mikanda miwili iliyopishana mbele inatosha kwenda dukani. Kwa mlima dai na wa nyuma ya kisigino, la sivyo kiatu kitabaki topeni na wewe utaendelea na safari. Matundu ya mikanda yawe angalau sentimita moja kutoka ukingoni, vinginevyo yatachanika, na yawe madogo kuliko mkanda, ili mpira wenyewe uubane. Mkanda wa tyubu hulegea baada ya siku kadhaa, kwa hiyo uanze ukiwa umekaza kiasi cha kupitisha kidole kimoja kwa shida. Mkanda wa ubavu wa tairi haulegei, basi huo uache kidole kipite bila taabu. Misumari iwe mifupi na ncha zake zikunjwe. Kabla hujavaa, pitisha kiganja ndani ya kiatu chote, polepole. Kiganja hugundua kile ambacho macho hayaoni.

Siku za kwanza mpira mpya hupaka miguu weusi. Sugua kiatu kwa mchanga na sabuni, kisha kianike kivulini. Mwenye kisukari, au yeyote ambaye miguu yake imekufa ganzi, asivae lugabire bila soksi nene na asikose kukagua ngozi yake kila jioni: mkanda unaweza kumkata bila yeye kusikia maumivu, na kidonda cha mguu wa kisukari si cha kuchezea. Kwa wengine faida ni kubwa, kwani funza na minyoo ya safura huingia kwa urahisi zaidi kwenye mguu mtupu.

Yapo pia mabaki. Tairi lililokatwa nusu na kuachwa nyuma ya kibanda hukusanya maji ya mvua, na mbu hawahitaji zaidi ya hayo. Virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu na sasa vinajulikana dunia nzima, viligunduliwa mwaka 1937 kwa mwanamke wa Omogo, katika wilaya ya West Nile ya wakati huo. Mabaki yatobolewe au yafunikwe. Yasichomwe moto ili kupata waya wa kuuza: moshi wake ni sumu kwa fundi, kwa mteja na kwa mama mwuza chapati wa jirani.

Mwisho ni malipo. Mpe fundi nusu, vaa viatu, kisha nenda navyo mahali penye mwinuko. Aliye Arua mjini anacho kilima cha Arua Hill. Aliye Koboko atafute ukingo wowote wa kijito wenye udongo uliolowa. Panda, halafu shuka, na kushuka ndiko kuangalie zaidi. Kidole gumba kikigonga ukingo, kisigino kikitoka nje, au mkanda ukiuma mahali pamoja, rudi vikarekebishwe siku hiyo hiyo. Salio lilipwe baada ya hapo.