Ruta Mbili kwenye Soketi Moja Hazitoshi

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ianze kazi Oktoba 2024, hospitali ya Isiolo isiyo na intaneti hupata taabu hata kuthibitisha bima ya mgonjwa. Ofisi yenye kazi nzito kiasi hicho isitegemee ruta moja.

Ruta mbili hupewa anwani moja ya IP ya pamoja, na kompyuta zote huelekezwa huko. Kwa utaratibu wa VRRP, uliochapishwa 1998, ruta kuu hutoa ishara kila sekunde. Ikinyamaza kwa sekunde 3 na ushee, ya pili hushika zamu bila mtumiaji kugusa chochote.

Wengi huishia hapo, na ni hatari. Tingatinga likikata fiba barabarani, ruta kuu bado ni nzima: itaendelea kutoa ishara, na mwenzake ataendelea kungoja. Mwambie fundi aiagize ichunguze laini ya nje, na isipopata jibu ijishushe kipaumbele.

Faiwoli nazo hukumbuka kila muunganisho ulio hai. Ya pili ikiamka bila kumbukumbu hizo, miamala iliyo katikati hukatika. Zifungiwe kebo yao ya kunakiliana. Anayetumia mfumo wa OpenBSD ana CARP ya kupokezana zamu na pfsync ya kunakili kumbukumbu, bila malipo. Lakini faiwoli hizo zisikilizane kwa njia zaidi ya moja. Zikipotezana, kila moja itajiona ndiyo kuu na mtandao wote utavurugika.

Laini za nje, ambazo nazo ziwe mbili, ndizo zinazohitaji udadisi zaidi. Kampuni mbili za intaneti zaweza kukodi fiba ile ile. Lami kuu za Nanyuki na Meru hukutana kabla ya kuteremka Isiolo, kwa hiyo kebo mbili zinazofuata mteremko huo zaweza kukatwa na shimo moja. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM, kebo mbili za baharini, zilikatika pamoja, na intaneti ikazorota Kenya na Tanzania. Dai ramani ya njia kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Ikiwezekana, laini ya pili ipite hewani.

Kila kifaa kiwe na betri yake, na swichi ziwe mbili.

Kisha jaribu. Jioni ofisi ikiwa imefungwa, zima ruta kuu. Iwashe, halafu chomoa fiba. Rudia kila miezi 3, na kila programu ya kifaa inapobadilishwa. Usimlipe fundi malipo ya mwisho kabla hujaona majaribio hayo kwa macho yako.