Anza na ardhi unayoikanyaga: namna ya kudurusu historia ukiwa Plateau

Wanafunzi wengi wa Historia na Serikali hudurusu hivi: daftari hugawanywa mafungu matatu, watu huku, sheria kule, matukio mwisho, kisha kila fungu hukaririwa peke yake. Koitalel arap Samoei yuko ukurasa mmoja, Sheria ya Ardhi za Taji iko ukurasa mwingine, na reli imesahaulika nyuma kabisa. Mtihani ukija hauulizi kwa mafungu. Unauliza kwa nini Wanandi walipigana karibu miaka kumi, au ukoloni ulibadilisha vipi umiliki wa ardhi, na mtahiniwa anabaki na majina chungu nzima asiyojua ayaunganishe na nini.

Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanautegemea. Usimsome mtu bila sheria aliyoitunga au iliyombana, wala usiisome sheria bila tukio lililoizaa. Na kwa anayeishi Plateau au kijiji chochote cha Uasin Gishu, pa kuanzia ni hapo hapo alipo. Ni sehemu chache za Kenya ambako mambo mengi hivyo ya silabasi yamepita juu ya mashamba yale yale.

Chukua karatasi kubwa ya kubandika ukutani na juu yake uandike: Ardhi ya Uasin Gishu. Chora mstari mmoja mrefu. Kila jambo utakaloliweka kwenye mstari huo lijibu maswali matatu: nani alilitaka, nani aliumia, na nini kilifuata. Ukikosa jibu moja, hujalimaliza somo, rudi kitabuni.

Anza kabla ya Wazungu. Nyanda hizi zilikuwa malisho. Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao ndio walioliachia eneo jina lao, walivunjwa nguvu na vita vya Wamaasai kwa Wamaasai katika karne ya 19, na Wanandi wakawa wanachungia mifugo huku. Afisa wa kikoloni aliyepita na ramani yake aliona nchi isiyo na watu. Liandike hilo mwanzoni mwa mstari, kwa sababu ndilo lililotumiwa kuhalalisha karibu kila kitu kilichokuja baadaye.

Mwaka 1902 ikaja Sheria ya Ardhi za Taji. Serikali ya kikoloni ikajipa uwezo wa kuuza ardhi iliyodai haina mwenyewe, au kuikodisha kwa miaka 99. Nani aliitaka? London, iliyokuwa imetumia pesa nyingi kwenye reli iliyofika Kisumu mwishoni mwa 1901 na sasa ilihitaji walowezi walime mazao ya kusafirishwa. Mwaka uliofuata Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, akawaahidi viongozi wa Kizayuni sehemu ya nyanda hizi ili Wayahudi waliokuwa wakishambuliwa Urusi wapate pa kukaa. Kiongozi wao, Theodor Herzl, aliliwasilisha pendekezo hilo kwenye kongamano lao la Basel mwezi Agosti 1903, tume ya watu watatu ikaja kuikagua nchi, na kongamano la 1905 likalikataa. Vitabu huuita mpango wa Uganda, kwa kuwa hadi 1902 upande huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyemuuliza Mnandi.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, akamuua. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walishuka Mombasa kutoka Afrika Kusini, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakaupanda mlima na magari ya kukokotwa na maksai hadi huku juu. Ofisi ya posta ilifunguliwa kwenye shamba namba 64, na mwaka 1912 mahali hapo pakaitwa Eldoret.

Sasa simama uutazame mstari wako. 1902 sheria, 1905 mauaji, 1908 walowezi. Sheria iliandikwa kabla ya wenye nchi kushindwa, na walowezi walikuja baada ya kiongozi aliyeweza kuwazuia kuondolewa. Mwanafunzi akishaliona hilo hawezi tena kuipanga miaka hiyo kinyume. Ndiyo faida kubwa ya kudurusu kwa sababu: miaka inajipanga yenyewe.

Endelea. Mwaka 1915 sheria ya ardhi iliandikwa upya na muda wa mlowezi kukodi ukapanda kutoka miaka 99 hadi 999. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwasajili Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza na kuleta kipande: kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Sheria ya 1918 ikamlazimu skwota amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka. Zisome hizo tatu pamoja. Ya kwanza inampa mlowezi shamba, ya pili inamzuia kibarua asitoroke, ya tatu inamfunga anayeishi ndani ya shamba. Ukizisoma kila moja kivyake zitakuchosha. Ukizisoma pamoja utauona mpango mzima, na swali la alama 12 litakuwa limejijibu nusu.

Sasa ruka mbele hadi Katiba ya 2010, iliyoidhinishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kushika ardhi ya Kenya ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Ile 999 ikashushwa. Weka tarakimu hizo tatu, 99, 999, 99, kwa wino mwekundu kwenye mstari wako. Sijui njia nyingine fupi zaidi ya kushika historia ya ardhi ya Kenya kichwani, kwa kuwa kila tarakimu inakulazimisha ueleze nani alikuwa na nguvu wakati huo.

Tuje kwa watu. Hapa makosa mengi huja kwa majina yanayofanana, kwa hiyo wasome wawili wawili au watatu watatu. Kimnyole arap Turukat, Koitalel na Barsirian arap Manyei ni baba, mwana na mjukuu. Kimnyole ndiye anayesimuliwa kuwa alitabiri ujio wa reli, Koitalel alipigana, Manyei alikamatwa 1923 na kuachiliwa 1964, uhuru ukiwa umeshapatikana. Fikiria mwaka huo wa 1923: vitabu vinautaja kwa Waraka wa Devonshire, uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie. Mwaka ule ule mwana wa Koitalel akatiwa kizuizini kwa miaka zaidi ya 40. Ukiyaweka hayo mawili kando kwa kando katika jibu lako, mtahini ataona umeelewa.

Wengine wanaochanganywa ni Elijah Masinde na Masinde Muliro. Wa kwanza ni wa Dini ya Msambwa, wa pili ni mwanasiasa aliyepigania uhuru na baadaye vyama vingi. Wanawake nao wasiachwe pembeni: Chelagat Mutai alichaguliwa mbunge wa Eldoret Kaskazini 1974 akiwa na miaka 24 tu, na kutetea kwake wasio na ardhi kulimpeleka gerezani. Mweke karibu na mbunge mwenzake Jean-Marie Seroney, wa Azimio la Nandi Hills la 1969 kuhusu ardhi, ambaye alikamatwa bungeni pamoja na Martin Shikuku mwezi Oktoba 1975. Wote hao wanasimama kwenye mstari ule ule wa ardhi.

Kuhusu tarehe, usijitese. Kumi zilizoshikwa barabara zinatosha kuwa vigingi: 1895 (himaya), 1902, 1905, 1920 (koloni), 1923, 1952 (hali ya hatari), 1963 (uhuru), 1982 (chama kimoja), 1991 (vyama vingi), 2010. Mengine yote yatundike kati ya vigingi hivyo.

Jinsi ya kuandika nayo hudurusiwa. Karatasi ya kwanza ya mtihani ina sehemu A ya alama 25 za majibu mafupi, kisha sehemu B na C za maswali ya alama 15. Kwenye swali la alama 15, kijisehemu cha kwanza kwa kawaida hutaka utaje tu, alama 3 au 5. Cha pili hutaka ueleze, na ndicho kilichobeba alama 10 au 12. Anayeorodhesha pale anapotakiwa kueleza hupoteza nusu ya kijisehemu hicho hata kama hoja zake zote ni sahihi. Kwa hiyo jizoeze hivi: chagua sheria moja ukutani, andika hoja kwa sentensi moja, kisha sentensi ya pili ianze na sababu au tokeo. Hoja sita, sentensi kumi na mbili, basi. Na kwa kuwa mtihani huandikwa kwa Kiingereza, jadilini kwa Kiswahili au Kikalenjin mpaka jambo lieleweke, kisha mnukuu jina la sheria sawasawa lilivyo kitabuni. Wapo wanaoona aibu kujadili historia kwa lugha ya nyumbani. Mimi naona ndiyo njia ya kujua kama umeelewa au umekariri.

Pana sehemu moja ya mstari inayohitaji utu. Ukifika machafuko ya 1992, na tena ukifika yale ya Januari 2008, unaandika juu ya majirani. Kanisa la Kiambaa, lililochomwa na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani tarehe 1 Januari 2008, liko karibu na Eldoret, na katika kikundi chako cha kudurusu huenda yuko mwenye jamaa waliopoteza nyumba au uhai. Shikeni mambo yaliyo kwenye rekodi: uchaguzi wa Desemba 2007, upatanishi wa Kofi Annan, mkataba wa tarehe 28 Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka huo, na Katiba iliyofuata. Anayetaka kusimulia ya kwao asikilizwe. Asiyetaka asiulizwe.

Karatasi ya pili inakupeleka mbali, na wengi huogopa Marekani kuliko sehemu nyingine yoyote. Mbinu haibadiliki. Chora mstari mwingine chini ya ule wa kwanza na ufuate jambo moja tu, haki za watu weusi. Katiba ya 1787 iliacha utumwa uendelee. Marekebisho ya 13 yaliukomesha mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha, na ya 14 yakawapa uraia mwaka 1868. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ikaruhusu utengano wa rangi katika kesi ya Homer Plessy. Mwaka 1954 mahakama hiyo hiyo ikaukataza utengano shuleni. Zikafuata sheria ya haki za kiraia ya 1964 na ya kupiga kura ya 1965, baada ya maandamano ya Martin Luther King na wenzake, zikatiwa saini na Rais Lyndon Johnson. Ukiwa na mstari huo, hata swali la uchaguzi wa rais, lenye wajumbe 538 na ushindi wa kura 270, utalijibu ukijua nani aliruhusiwa kupiga kura na lini. Ndugu zetu waliokwenda huko kwa mbio, masomo au green card, na sasa wanajiandaa kwa maswali ya uraia, wangefaidika na mstari huo huo.

Na mistari hiyo miwili inakutana. Wakili aliyesimamia kesi ya 1954 alikuwa Thurgood Marshall. Mwaka 1960 wajumbe Waafrika wa Kenya waliokwenda kwenye mkutano wa Lancaster House, London, akiwamo Tom Mboya, walimwita awe mshauri wao, naye akaandika rasimu ya haki za msingi iliyogusa pia ulinzi wa mali. Mali iliyokuwa ikibishaniwa zaidi ni mashamba ya walowezi, yakiwamo ya nyanda hizi. Ardhi haikunyang'anywa, ilinunuliwa kwa mikopo, na ndiyo maana baada ya uhuru familia nyingi zilipata mashamba kwa kulipa. Mwaka uliotangulia mkutano huo, Septemba 1959, ndege iliyopangwa na Mboya ilikuwa imewapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani. Chora mshale kutoka 1954 hadi 1960 hadi shamba la babu yako.

Kwa ushahidi wa karibu, jumba la makumbusho la Koitalel Samoei liko Nandi Hills, na maktaba ya umma iko Eldoret mjini. Lakini kabla ya kupanda matatu, nenda kwa mzee yeyote wa kijijini aliyekuwa mtu mzima miaka ya 60. Muulize shamba lilikuwa la mlowezi gani, lilinunuliwa na nani, kwa mkopo upi, na kama hati bado ipo. Andika mwaka anaoutaja, kisha uutafute kwenye mstari wako.

Wiki ya mwisho msisome kitu kipya. Badilishaneni karatasi za ukutani, mmoja aweke kidole kwenye jambo lolote, mwingine ataje lililotangulia, lililofuata, na mtu aliyekuwa katikati. Akikwama, hapo ndipo pa kusoma usiku huo.