Majani ya Mzeituni: Jina Moja, Nguvu Mbalimbali

SOMO LA MIMEA NA AFYA

Mkulima wa tumbaku wa Kegonga, katika Kuria Mashariki, hahitaji kufundishwa kwamba majani hayalingani. Ajua ya kuwa jani la chini la mche si sawa na jani la juu, na ya kuwa mche uliokatwa ncha hutoa majani makali kuliko ule ulioachwa uchanue. Ukali huo watokana na nikotini, ambayo hutengenezwa mizizini kisha hupanda hata majanini. Aina ya mbegu, udongo, mbolea na namna ya kukausha, vyote huongeza au kupunguza kiasi chake. Ndiyo sababu majani hupangwa kwa madaraja kabla ya kuuzwa. Hakuna mnunuzi atoshekaye kuambiwa "hii ni tumbaku" bila kuyatazama.

Lakini mtu huyohuyo akiletewa sokoni mfuko wa majani makavu, akaambiwa kwamba ni majani ya mzeituni na kwamba yaponya ugonjwa wa presha, mara nyingi haulizi ni mzeituni gani. Swali hilo ni la maana sana, kwa kuwa afya ya mgonjwa huweza kutegemea jibu lake.

MIZEITUNI NI YA NAMNA MBALIMBALI

Mzeituni unaotajwa katika vitabu vya dini, ambao matunda yake hukamuliwa mafuta, hulimwa hasa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, kama vile Ugiriki, Italia, Hispania na Tunisia. Wakulima wa huko wamechagua miche iliyo bora tangu maelfu ya miaka, hata leo kuna aina mamia kadhaa, kila moja na jina lake.

Afrika Mashariki nayo ina mzeituni wake wa porini. Wataalamu wauhesabu kuwa ndugu wa karibu wa ule wa shambani, chini ya jina moja la kisayansi, Olea europaea. Huonekana kuanzia Afrika Kusini, kupitia nchi za milima za Kenya, Tanzania na Ethiopia, kisha Arabuni na kuendelea hata Uchina. Wakikuyu wauita mutamaiyu, na Wamaasai wauita oloirien. Mbao zake ni ngumu na nzito, na tangu zamani wafugaji hutumia vijiti vyake vyenye moto kusafishia vibuyu vya maziwa, ili maziwa yapate harufu njema na yasiharibike upesi.

Kuitambua miti hiyo miwili si kazi kubwa. Jani la mzeituni wa shambani likigeuzwa huonekana kuwa na rangi ya fedha upande wa chini. La mzeituni wa porini huelekea rangi ya manjano au hudhurungi. Matunda ya porini ni madogo, na nyama yake ni chache mno.

YALIYOMO NDANI YA JANI

Atafunaye jani la mzeituni huonja uchungu mara moja. Uchungu huo hutokana hasa na kemikali iitwayo oleuropeini, iliyotambuliwa mwaka 1908 na wanasayansi Bourquelot na Vintilesco. Kwa mti wenyewe ni silaha. Mdudu akitafuna jani, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo hukutana nayo na kuivunja, na kitu kinachopatikana humdhuru yule mdudu.

Pamoja na hiyo, jani lina asidi ya oleanoliki, ambayo jina lake latokana na jina la mzeituni, na katika miti mingine asidi ya ursoliki. Hizi hukaa zaidi karibu na ngozi ya jani, kwenye nta inayolizuia lisikauke. Haziyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo jani lililochemshwa kama chai haliachi majini asidi zote lilizo nazo.

VIPIMO VYA DURBAN

Mwaka 2003 wataalamu wa Durban, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya kulinganisha majani ya namna tatu: ya mzeituni wa porini wa Kiafrika, ya mzeituni kutoka Ugiriki, na ya mzeituni wa shambani uliopandwa Cape Town. Katika kazi ya namna hii majani hukaushwa na kusagwa, kisha hulowekwa katika kiowevu kinachoweza kutoa kemikali inayotakiwa. Maji hayo huchujwa, kemikali hutenganishwa moja moja, na mwisho hupimwa kwa mizani.

Katika kilo moja ya majani ya porini zilipatikana kama gramu 2.7, nazo zilikuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asidi ya oleanoliki na asidi ya ursoliki. Kilo moja ya majani ya Ugiriki ilitoa gramu 7.1 za asidi ya oleanoliki. Ile ya Cape Town ilitoa gramu 24.7. Basi mti wa Cape Town ulipita ule wa porini karibu mara tisa kwa uzito, na kilichopatikana hakikuwa kitu kilekile.

Wataalamu hao waliwapa panya wenye asili ya kushikwa na presha dawa hizo zilizokwisha kutolewa katika majani. Kila panya alipata kiasi kulingana na uzito wake kwa muda wa wiki sita, na presha kali ilizuiwa. Lakini yafaa kuangalia neno moja: panya hawakupewa konzi ya majani. Walipewa dawa iliyopimwa. Kama wangepewa majani yenyewe, wale wa majani ya porini wangehitaji karibu mara tisa ya wale wa majani ya Cape Town ili kufikia uzito uleule wa dawa.

Haifai kudhani kwamba mti wa porini ni duni. Huo una asidi ya ursoliki, ambayo haikuonekana katika majani ya Ugiriki. Tena mti uliopungukiwa na kemikali moja huweza kuzidi kwa nyingine.

SABABU NYINGINE ZA TOFAUTI

Hata mti mmoja haufanani na nafsi yake mwaka mzima. Kiasi cha oleuropeini hubadilika kwa umri wa jani na kwa majira ya mwaka. Kukausha nako kuna sehemu kubwa. Majani yaliyopondwa au kurundikwa yakiwa mabichi huanza kupoteza oleuropeini, kwa sababu kile kimeng'enya kimepata nafasi ya kuivunja. Kwa hiyo mifuko miwili iliyochumwa katika mti mmoja huweza kutofautiana.

MAANA YAKE KWA MGONJWA

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Indonesia kwa watu wenye presha ya daraja la kwanza, yaani isiyo kali. Kundi moja lilipewa vidonge vya dawa ya majani ya mzeituni, miligramu 500 mara mbili kwa siku; kundi la pili lilipewa kaptoprili, dawa ya hospitali. Baada ya wiki nane, kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa wastani wa 11.5 katika kundi la kwanza na 13.7 katika la pili. Habari hii ni njema, nayo yaonyesha kwamba wazee waliosifu miti hawakusema ovyo. Lakini vidonge vile vilitengenezwa kwa kipimo, hata kiasi cha oleuropeini ndani yake kikajulikana, na wagonjwa walikuwa chini ya uangalizi wa waganga.

Mfuko wa sokoni hauna kipimo hicho. Dawa ikiwa haba, presha hubaki juu kimyakimya, bila maumivu, mpaka siku mshipa wa ubongo unapopasuka au moyo unaposhindwa. Dawa ikizidi, au ikichanganywa na vidonge vya hospitali, presha huweza kushuka kupita kiasi, mtu akaona kizunguzungu na kuanguka.

Basi yafaa kushika mambo haya:

1. Mgonjwa wa presha asiache vidonge vyake kwa sababu ya majani ya mti wowote, ila kwa shauri la mganga wa hospitali.

2. Anayetumia majani amwambie mganga bila kuona haya, na kama aweza amletee tawi lenye majani, ili mti ujulikane.

3. Presha ipimwe mara kwa mara. Kujiona mzima si kipimo.

MASWALI

Ni kwa alama gani jani la mzeituni wa porini hutambulikana? Kwa nini kilo moja ya majani ya Cape Town hailingani na kilo moja ya majani ya porini? Ni hatari gani mbili zinazompata atumiaye dawa isiyopimwa?