Farasi Kilangali? Tuzungumze Kwanza Habari za Punda

Msimu huu nimeulizwa swali moja na vijana zaidi ya mmoja hapa Kilangali: "Bwana shamba, farasi anaweza kukaa hapa kwetu?" Najua linakotoka. Ni zile video za kwenye simu, mtu kapanda farasi anazunguka shamba lake asubuhi, kofia kichwani. Kijana mwenye ekari zake nane za mpunga akiona vile anakumbuka bodaboda inavyokwama kwenye matope kila masika, anajiuliza kwa nini naye asiwe na mnyama wa kumpanda. Swali ni zuri na linagusa hela, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Kwa farasi jibu langu ni hapana. Sababu ya kwanza ni mbung'o. Tuko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo ipo tangu 1964, na wanyamapori kama nyati na ngiri wanaweza kubeba vimelea vya nagana kwenye damu bila kuonekana wagonjwa. Mbung'o akiwanyonya, kisha akamnyonya mnyama wako, kazi imekwisha. Ng'ombe atakonda na mara nyingi utamuwahi kwa dawa. Farasi ni dhaifu zaidi. Anaweza kufa ndani ya wiki chache. Sababu ya pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, wa virusi, unaoenezwa na visubi wadogo wanaopenda mabonde yenye unyevu kama haya yetu. Farasi asiyechanjwa anaweza kuwa mzima Jumatatu na Ijumaa mnamfukia. Punda akipata virusi hivyo, mara nyingi hata hutajua.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili. Wote walikufa njiani kabla hajafika Simbamwenni, ambayo ndiyo Morogoro ya leo. Akaendelea na punda, akavuka tambarare ya Mkata wakati wa masika, na matope yale yakamwondolea punda kadhaa. Mkata hiyo hiyo unayopita ukienda Kilosa. Wanaofuga farasi nchini leo wengi wako kwenye baridi, Arusha na Kilimanjaro, au ni taasisi kama Jeshi la Polisi lenye Kikosi cha Mbwa na Farasi. Wana chanjo na wataalamu wa karibu. Wewe huna.

Basi tuje kwa punda. Nitasema ukweli wote, hata ule wa kukukatisha tamaa.

Kwanza, kumpanda. Punda wetu wa kienyeji ana kilo kati ya 120 na 150 hivi. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, na mimi hushauri kilo 50 ndiyo iwe mwisho. Sasa wewe kijana una kilo ngapi? Mtoto wa shule anaweza kupanda, baba yake hapana. Mpandaji akizidi, punda anaumia uti wa mgongo taratibu, halafu siku moja anakataa kutembea na watu wanasema ni mkaidi.

Kilo 50 maana yake gunia la mpunga halipandi mgongoni, achilia mbali lumbesa. Jaza viroba viwili vya kilo 25, kimoja kila upande, vilingane. Upande mmoja ukiwa mzito, mzigo unavuta na mgongo unachubuka. Weka kwanza blanketi kuukuu lililokunjwa au mto wa gunia uliojazwa nyasi kavu, ulio na nafasi katikati ili uzito usikae juu ya mfupa wa mgongo. Blanketi hilo lisiwe la bluu wala jeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi.

Tupige hesabu, na wewe uweke bei za kwako. Tuseme umevuna gunia 60 za kilo 80, na kutoa gunia moja jarubani hadi barabarani unalipa shilingi 3,000. Hiyo ni 180,000. Kilo zote ni 4,800, sawa na safari 96 za punda mmoja. Kama kwenda, kurudi na kupakia ni nusu saa, saa sita za kazi zinakupa safari 12 kwa siku, yaani siku 8. Punda wawili, siku 4. Na lazima wawe wawili, kwa sababu punda anayeishi peke yake ananyong'onyea na hata kula anapunguza. Kwa hiyo kama unawataka kwa ajili ya kutoa mpunga tu, mara moja kwa mwaka, mimi nasema kodi. Wanalipa kama watafanya kazi mwaka mzima: maji, mbolea, kuni, kuhamisha miche, kubebea majirani kwa malipo. Ukiwa na mkokoteni hesabu inabadilika kabisa, maana punda anavuta mzigo mkubwa kuliko anaoweza kuubeba. Ila mkokoteni unahitaji njia, na masika kule bondeni njia huna.

Hapo kwenye mkokoteni pana kosa ninaloliona kila siku: watu wanawafunga punda nira ya maksai. Maksai ana nundu na shingo nene, anasukuma kwa hapo. Punda hana nundu; nguvu yake iko kifuani. Mfungie mkanda mpana wa kifuani, wa turubai au mpira laini, uliowekwa chini ya koo usimkabe, na mkanda mwingine wa nyuma ya mapaja wa kumsaidia kuzuia mkokoteni kwenye mteremko. Kamba ya katani isiguse ngozi moja kwa moja.

Kwato, kwato, kwato

Hili ndilo somo lenyewe. Asili ya punda ni nchi kavu yenye mawe ya kaskazini-mashariki mwa Afrika. Kwato zake ni za kukanyaga pakavu. Sisi tunamleta kwenye mfinyanzi mweusi wa bonde la mpunga, anashinda kwenye matope, jioni anafungwa kwenye banda lililolowa mkojo. Ukwato unakuwa laini kama sabuni, wadudu wanaingia, na ndani ya msimu mmoja una punda mzima wa mwili asiyeweza kukanyaga.

Kila jioni akitoka kazini nyanyua miguu yote minne. Simama kwenye bega lake ukitazama nyuma, pitisha mkono kuanzia begani ukishuka na mguu, bana kidogo juu ya kifundo, mwenyewe ataunyanyua. Usisimame nyuma yake. Ule msemo wa shukrani ya punda una ukweli wake. Chukua chuma butu kilichopinda au kijiti kigumu, toa matope na mawe ukianzia kisigino kwenda mbele, taratibu, bila kuchokonoa ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la V. Nusa. Ndiyo, nusa. Harufu ya uozo na ute mweusi maana yake kuoza kumeanza. Osha, kausha kwa kitambaa, paka ayodini, na siku kadhaa zinazofuata akae pakavu bila kwenda jarubani. Ukiona bado, muite bwana mifugo.

Kila wiki 6 hadi 8 kwato zipunguzwe kwa tupa na kisu maalumu. Mara ya kwanza afanye mtaalamu nawe ukitazama. Panga, hapana. Nimeona ukwato uliokatwa kwa panga mpaka damu ikatoka, na jeraha la ukwato kwenye udongo wenye samadi ni mlango wa pepopunda. Jina lenyewe la ugonjwa lina punda ndani yake. Yeye na farasi ni kati ya wanyama wanaoupata kirahisi kuliko wengine wote. Ulizia chanjo yake.

Banda liwe limeinuliwa, sakafu ya changarawe au udongo ulioshindiliwa wenye mteremko, na paa lisilovuja. Manyoya ya punda hayazuii mvua, yanalowa mpaka kwenye ngozi. Na usiku afungiwe ndani, sisi tunaoishi karibu na hifadhi tunajua fisi wanavyotembea.

Dawa za ng'ombe zinaua punda

Soma hapa mara mbili. Vijana wengi mna ng'ombe wachache na bomba la kuogeshea. Siku ya kuogesha, punda naye anapulizwa. Angalia lebo: kama imeandikwa amitraz, usimguse punda nayo. Kwa jamii ya farasi dawa hiyo inasimamisha utumbo. Chakula kinaganda tumboni na mnyama anakufa kwa maumivu. Kuna dawa nyingine za kupe zinazomfaa, muulize bwana mifugo kabla ya kununua.

Jambo la pili, chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichochanganywa monensin au salinomycin. Kwa kuku ni kinga ya koksidia. Punda akila, moyo unaharibika, na dawa ya kugeuza sumu hiyo hakuna. Ghala la chakula cha kuku lifungwe.

La tatu ni mahindi na pumba zenye ukungu. Ukungu fulani wa mahindi unaharibu ubongo wa farasi na punda: anazunguka, anagonga ukuta, anaanguka. Mahindi uliyoyakataa kula wewe usimpe yeye.

Na nagana? Punda anaipata pia, ingawa anavumilia kuliko farasi. Ukiona anakula vizuri lakini anakonda, homa inakuja na kuondoka, ufizi umekuwa mweupe, tumbo limevimba kwa chini, apimwe damu. Dawa ya nagana ya diminazene ipo madukani, lakini kwa punda ikizidi kidogo inamdhuru vibaya, kwa hiyo kukadiria kwa macho uzito wa mnyama ni hatari. Kesi ngumu zipelekeni hospitali ya wanyama ya SUA pale Morogoro. Gharama ya safari ni ndogo kuliko bei ya punda.

Punda haonyeshi maumivu kama ng'ombe. Atasimama kimya tu. Dalili yako kubwa ni kuacha kula, na hiyo usiisubirishe mpaka kesho kutwa: punda asiyekula, hasa mnene au mwenye mimba, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu na ini linashindwa. Punda aliyekataa chakula asubuhi, jioni awe ameshaonwa.

Chakula chake cha kawaida hakina gharama kubwa. Nyasi na mabua makavu kwa wingi, chumvi ya kulamba, na maji safi asubuhi, mchana na jioni. Maji machafu anayakataa, na usidhani hana kiu. Pumba kidogo tu siku za kazi nzito. Zikizidi, kwato zinapata joto na maumivu. Chini ya miaka 3 asibebe mzigo. Jike anabeba mimba kama miezi 12, na mitatu ya mwisho apumzike.

Wapi utanunua? Hapa Kilosa tuna bahati ya kuishi na wafugaji, na ndugu zetu Wamaasai wa maeneo kama Twatwatwa wanajua punda kuliko mimi niliyesoma. Nenda mchana na mtu mnayefahamiana naye, mtazame akitembea kwenye ardhi ngumu, fungua mdomo uone meno, nyanyua miguu yote. Kama haruhusu mguu kushikwa, bei ishuke au ondoka. Mfunge au mlindie anapolisha. Punda mmoja akiingia kwenye jaruba la jirani usiku, wilaya yetu inajua ugomvi wa namna hiyo unavyoweza kukua.

Usikubali punda asiye na barua ya serikali ya kijiji anakotoka na kibali cha kumsafirisha. Ngozi za punda zimekuwa zikitafutwa kwa miaka kadhaa kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao, punda wengi Afrika waliibwa na kuchinjwa porini, mpaka Umoja wa Afrika ukakubaliana Februari 2024 kusimamisha uchinjaji wa kibiashara wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda wa bei ya kutupa anayeuzwa usiku kandokando ya barabara huenda ana mwenyewe anayemtafuta. Na wako akishafika nyumbani, mwekee hereni, piga picha za alama zake pande zote mbili, nakala ya barua mpe mwenyekiti wa kitongoji.