SOMO: MFUPA WA NGOMBE UNASAIDIA MFUPA WA MTU

Pengine munganga amekuambia: "Ndani ya mfupa wa mguu wako iko tundu. Tutalijaza na mfupa wa ngombe." Ukaogopa, ukajiuliza: Je, kitu cha nyama hakitaoza ndani yangu? Soma hapa.

Mfupa ni kitu gani?

Mfupa uko na sehemu mbili kubwa. Moja ni laini, kama nyuzi ndogo ndogo. Nyingine ni ngumu kama jiwe, yenye kalsiumu na fosforo. Jaribu wewe mwenyewe: tia mfupa wa kuku katika siki siku kadhaa. Ugumu unatoka, mfupa unakunjika. Choma mwingine katika moto mukali: nyuzi zinaungua, inabaki sehemu ya jiwe, nyeupe. Hiyo ndiyo munganga anatafuta, kwa maana ile ya ngombe inafanana sana na ya mtu.

Wanautengeneza namna gani?

1. Wanachagua ngombe mwenye afya, aliyepimwa.
2. Wanakata kichwa cha mfupa wa paja, mahali penye matundu mengi kama sifongo.
3. Wanauchemsha na kuusafisha mpaka mafuta yote yatoke, halafu wanaukausha.
4. Wanauchoma polepole katika tanuru ya kiwanda, mpaka digrii 900 au zaidi, kwa saa nyingi. Nyama, damu na mikrobi, vyote vinaungua. Hakuna kitu cha kuoza kinachobaki.
5. Wanaukata vipande na kuua mikrobi tena mbele ya kuutumia.

Unafanya kazi gani mwilini?

Fikiri maharagi yanayopanda juu ya kijiti. Kijiti hakizai, maharagi ndiyo yanazaa. Vilevile, damu na mishipa midogo inaingia katika matundu yale, na mfupa wako mwenyewe unaota humo. Wewe hugeuki ngombe!

Lakini kipande hiki kinavunjika upesi kama chungu. Kwa hiyo usikanyage kwa mguu ule mpaka munganga akuruhusu. Tena, mahali penye usaha hakitiwi. Kwanza usaha uponywe.

Angalisho kubwa

Usichome mfupa nyumbani na kutia majivu yake katika kidonda. Hapana! Moto wa jikoni si tanuru, na majivu yanaokota udongo. Katika udongo mnakaa mikrobi ya pepopunda, nayo inaua. Mtu akivunjika na mfupa ukatokea nje, usiusukume ndani. Funika kidonda na kitambaa safi, funga mguu na vijiti usitikisike, umlete hospitali siku ileile.

Maulizo

1. Katika moto, sehemu gani ya mfupa inaungua, na gani inabaki?
2. Matundu ya mfupa yana faida gani?
3. Jirani yako akitaka kutia majivu katika kidonda cha mtoto, utamwambia nini?