Uso wa Mtoto Hushonwa Mapema

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, weka kidole chako chini ya pua. Kishushe polepole mpaka kwenye mdomo wa juu. Umegusa kijifereji? Kina kingo mbili, moja kulia, moja kushoto. Karibu kila mtu anacho: wewe, mwenzako, hata mwenyekiti wa kijiji. Tumeishi nacho miaka yote bila kujiuliza kimetoka wapi.

Mimi nilianza kujiuliza siku moja darasani, katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa Matombo. Tulikuwa tunasoma habari za lishe. Mama mmoja alikaa nyuma kabisa. Alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunika kanga mpaka kichwani, na joto lilikuwa kali. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, mfunue mtoto apate hewa." Mama akakataa. Bibi akarudia. Mwishowe mama akafunua kanga, na darasa zima likanyamaza. Mdomo wa juu wa mtoto ulikuwa umepasuka upande wa kushoto mpaka kwenye tundu la pua. Watu huita mdomo sungura.

Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulimsikia: "Huyo ni mwezi huo." Maana yake mama alitoka nje mwezi ulipopatwa. Mwingine akasema labda mama alimcheka kilema. Mwingine akataja mizimu ya ukoo. Mama akaanza kulia. Akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli ni mimi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu, si mganga. Nilikwenda kuuliza kwa wakunga na waganga wa hospitali, nikasoma, nikarudi darasani. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

UKILI WA USO

Akina mama wanaosuka mikeka watanielewa upesi kuliko sisi wengine. Mkeka hausukwi kipande kimoja. Kwanza unasuka ukili mrefu, kisha unashona ukili ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unapanuka. Mshono ukiruka, mkeka unakuwa na mwanya.

Uso wa mtoto nao hujengwa hivyo. Hauoti kama boga, mzima mzima. Kipande kimoja hushuka kutoka upande wa paji la uso. Vipande vingine hutoka pembeni, kulia na kushoto. Vyote husogeleana na kukutana chini ya pua, kisha huungana. Zile kingo mbili ulizozigusa ndipo mishono ilipopita. Ndiyo maana mdomo ukipasuka, kwa kawaida hupasuka upande mmoja au pande zote mbili, na mara chache sana katikati. Ni mshono ambao haukufunga.

Je, kazi hiyo hufanyika lini? Hapa ndipo wengi darasani walishangaa. Mdomo wa juu huungana mapema sana, katika wiki ya 6 na ya 7 tangu mimba kutungwa. Wakati huo mtoto mwenyewe ana ukubwa wa punje ya haragwe! Kaakaa, yaani paa la kinywa, hufuata, na kufikia wiki ya 12 hivi huwa limeshafunga.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mwanamke hukosa siku zake kiasi cha wiki 2 baada ya mimba kutungwa. Kwa hiyo mdomo wa mtoto unaposhonwa, mama amekosa siku zake mara moja tu, au anangoja kuona kama atakosa mara ya pili. Pengine hajamwambia hata mumewe. Anapanda mlima na tenga la ndizi kama kawaida. Wengi wetu huwapeleka wake zetu kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Siku mama anapopewa kadi, mdomo wa mtoto umeshafunga zamani, au umeshaachia zamani.

TUMBAKU

Moshi wa tumbaku una hewa ya sumu ambayo huingia katika damu na kukalia nafasi ya hewa safi. Tena kuna kitu kinaitwa nikotini. Hiki hubana mishipa ya damu, hata ile ya kondo la nyuma, ambalo ndilo humlisha mtoto. Kwa hiyo mtoto hupata hewa kidogo na chakula kidogo, na fundi asiye na vifaa hushona vibaya. Watoto wa wavutaji huzaliwa wadogo kwa uzito, na wengine huzaliwa kabla ya wakati.

Je, tumbaku hupasua mdomo? Wataalamu walibishana miaka mingi. Mwaka 2014 ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ilitamka wazi: kuvuta sigara mwanzoni mwa mimba ni mojawapo ya sababu za mpasuko wa mdomo na kaakaa. Duniani, katika kila watoto 700 hivi wanaozaliwa, mmoja ana mpasuko wa namna hii. Mama akivuta, hatari huongezeka karibu kwa theluthi moja. Tuseme akina mama wengi wasiovuta wamezaa watoto 10 wenye mpasuko. Akina mama wavutaji, idadi ileile, watazaa 13 hivi.

Msomaji makini ameshaona jambo katika hesabu hiyo. Wale 10 wa kwanza mama zao hawakuvuta kabisa. Ni kweli. Mpasuko una sababu nyingi: mengine hurithiwa katika ukoo, mengine ni upungufu wa vitamini inayopatikana katika mboga za majani, mengine ni baadhi ya dawa, kama zile za kifafa. Watoto wengine hakuna ajuaye kwa nini. Kwa hiyo ukimwona mtoto mwenye mdomo sungura usimnyoshee mama yake kidole. Yule mama wa Matombo hakuwahi kuvuta hata siku moja. Nilimwambia mbele ya darasa zima, "Si wewe, na si mwezi." Yule mzee alikuwepo, akatazama chini.

Bibi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na ugoro?" Ugoro ni tumbaku. Ukiunusa au ukiuweka chini ya mdomo, moshi haupo, lakini nikotini ipo. Na akina baba msijitoe. Baba akivuta ndani ya nyumba, mama anavuta moshi huohuo, na mtoto naye. Mvutaji atoke nje, na nje si mlangoni.

POMBE

Kuhusu pombe nitakaa zaidi, kwa sababu huku kwetu wanawake wavutaji ni wachache, lakini kilabuni wamo, na wapishi wa pombe wengi ni wao.

Pombe haisimami kwenye kondo la nyuma. Hupita. Mama akinywa kata moja ya komoni, baada ya muda mfupi damu ya mtoto ina pombe karibu sawa na ya mama. Lakini mama ana ini lililokomaa la kuiondoa. Mtoto hana. Mama ameshaamka, mtoto bado amelewa.

Mwaka 1968 daktari mmoja Mfaransa, Paul Lemoine, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi katika sehemu za mji wa Nantes. Aliona wanafanana sura ingawa si ndugu. Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona hivyohivyo na wakaupa ugonjwa huo jina. Mwaka 1973, wazee watakumbuka, ndio mwaka wa kampeni yetu ya Mtu ni Afya, vikundi vimekaa chini ya mwembe kusikiliza redio na kisha kwenda kuchimba vyoo. Baba yangu husimulia. Katika vikundi vile somo hili halikuwemo, maana dunia yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inalijua.

Watoto hao wana sura gani? Matundu ya macho ni mafupi. Mdomo wa juu ni mwembamba. Na kile kijifereji ulichokigusa hakipo, mahali pake ni tambarare. Uso si mbaya, na mtu asiyejua hawezi kuona kitu. Shida iko nyuma ya uso. Uso na ubongo wa mbele hujengwa wakati mmoja, mahali pamoja, na mafundi walewale. Pombe ikiharibu kijifereji, imeshagusa na ubongo. Tena ubongo huendelea kukua miezi yote 9, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na uso wa kawaida kabisa na ubongo ulioumia.

Mtoto huyu husahau upesi. Hesabu humshinda. Hatulii. Nilifundisha shule ya msingi kabla ya kuingia elimu ya watu wazima, na ninawakumbuka wawili watatu tuliowachapa kwa ukaidi. Leo najiuliza.

Afrika Kusini jambo hili limepimwa. Katika mkoa wa Rasi ya Magharibi kuna mashamba makubwa ya zabibu. Zamani wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kila siku, wanaume kwa wanawake. Sheria ilikataza, lakini mazoea yalibaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliwapima watoto wa darasa la kwanza katika mji mmoja wa huko, wakakuta zaidi ya watoto 40 katika kila 1,000 wana ugonjwa huu.

Huku kwetu husemwa kwamba pombe huongeza damu, na baadaye huongeza maziwa. Hapana. Na togwa? Togwa ya leo ni uji mtamu, kunywa. Togwa ya siku ya tatu, uliza kichwa chako. Gongo ndiyo mbaya kupita zote, kwani hakuna ajuaye nguvu yake wala kilichomo.

Mama anayepika pombe ya kuuza ana shida ya pekee. Ndiyo ada ya shule, ndiyo sabuni. Siwezi kumwambia aache kesho, mimi mwenye mshahara. Lakini mpishi huonja, na huonja mara nyingi. Akiwa na mimba, au anaitafuta, mwingine aonje badala yake. Kiasi salama cha pombe kwa mjamzito hakijulikani, kwa hiyo ushauri wa waganga ni kutokunywa kabisa.

Na yule aliyekunywa kabla ya kujua ana mimba? Asikate tamaa. Aache siku hiyohiyo, kwani ubongo wa mtoto bado unajengwa. Ila yule ambaye asipokunywa mikono hutetemeka, asiache ghafla akiwa peke yake. Aende zahanati aseme ukweli, asaidiwe. Aanze kliniki mapema, ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa, ale mchicha, matembele na maharage. Mgeta inalisha miji kwa mboga, isiwe sisi tunauza zote.

MTOTO ALIYEPASUKA MDOMO

Mtoto huyu hana nguvu ya kunyonya vizuri, hasa kama kaakaa nalo limepasuka. Wengi hufa kwa njaa, si kwa mpasuko. Kama hawezi kunyonya, mama akamue maziwa yake, amnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole, mtoto akiwa amekalishwa wima ili yasimpalie. Apimwe uzito kila mwezi. Akifika miezi 3 hivi na kilo 5, mdomo unaweza kushonwa. Kaakaa hushonwa baadaye, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, kabla hajazoea kusema kwa puani. Kazi hiyo hufanyika Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Mara nyingi kuna wafadhili wanaolipia, kwa hiyo uliza hospitali kabla hujauza shamba.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Wiki mbili baada ya somo letu mjomba wa yule mtoto alikuja kwangu asubuhi na mapema. "Shikamoo mwalimu," akasema, ingawa ni mkubwa kwangu, "ndizi nimeuza, nauli ninayo. Niandikie jina la hospitali." Nikamwambia aandike mwenyewe, maana alihitimu darasani kwangu. Aliandika, akasahau herufi moja, akairudia.

Mtoto sasa ana miaka miwili. Ana kovu dogo chini ya pua, na mama yake hamfuniki tena kanga kichwani.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

Mimba ikitungwa leo, mdomo wa mtoto utafunga tarehe gani? Hesabu kwa kalenda. Katika kijiji chenu mjamzito akikataa pombe kwenye ngoma, watu humwambia nini? Na nani katika nyumba yako anavuta, naye huvutia wapi?